Alama Mbili Shingoni mwa Tabia

Uvumi ule Mwanamkasi aliusikia Jumatatu, kwenye foleni ya maji, na mpaka Ijumaa ulikuwa haujamtoka masikioni. Alijaribu kuukung'uta kama mtu akung'utavyo mchanga kwenye mkeka. Akija kulala, anaukuta pale pale. Mumiani ameingia Bagamoyo, walisema. Mumiani wa kuvizia watu njiani na kuwatoa damu ya kufanyia dawa, kila mtu alishatishwa naye tangu utotoni, lakini huyu alikuwa wa namna nyingine. Huyu alikuja na gari la sinema. Alishuka kwenye kitambaa cheupe mbele ya macho ya watu mia tatu, gari likaondoka kwenda Msata, yeye akabaki.

Tena alikuwa ameshapata wa kuanza naye: Tabia, binti wa marehemu Mwinyimvua, mwali wa miaka kumi na minne aliyewekwa ndani akingoja harusi. Mtoto alikuwa ananyauka, na shingoni alikutwa na alama mbili.

Mwanamkasi hakuwa mtu wa kumeza kila la kisimani. Lakini naye alikuwa na binti, Zaina wake, wa umri huo huo, na tangu Jumatatu alikuwa hamwachii hata kwenda dukani kununua chumvi.

Ilikuwa masika ya mwaka 1953. Kituo cha polisi kilikuwa na Sajini Mwishehe, askari wachache, na yeye Mwanamkasi. Hakuwa askari. Alikuwa mpekuzi wa kike. Katika mji ule mwanamume hakuweza kuvuka pazia la nyumba ya watu, sheria au si sheria, wala kumgusa mwanamke mfukoni; basi jambo likiwa na mwanamke ndani yake, aliitwa yeye. Alikuwa na buibui lake, daftari la shule, kalamu ya risasi, na madarasa manne aliyosoma kabla baba yake hajasema yanatosha.

Ijumaa hiyo, saa mbili asubuhi, alivuka pazia la nyumba ya marehemu Mwinyimvua.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba, mwanangu. Fanya upesi, mtoto amechoka."

Bi Mgeni alikuwa shangazi yake Tabia, ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Mwanamke mrefu, mkimya, wa ukoo unaojulikana. Wanaume wa mtaa wa pili hawakuwahi kuisikia sauti yake. Alisimama kando ya kitanda, shavu limevimba kidogo, akitafuna kitu polepole.

Mwanamkasi alimshika Tabia kiganja. Kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Akakibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Pakabaki shimo, halikurudi. Alipounyanyua mkeka kidogo kumtengenezea mto, akaona chembe za udongo wa kichuguu, wa kutafuna. Akaandika.

Alama zilikuwa kweli mbili, chini ya kisogo, ndogo na nyoofu. Alipotaka kushusha kanga aone mgongo, Bi Mgeni aliivuta juu.

"Mwali huyo. Usimvue."

"Sawa, mama." Mwanamkasi akainama. "Tabia, mwanangu. Huyo anayekuja, anakuja saa ngapi?"

"Mchana," Tabia alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliye mbali. "Nikishaoga."

"Umemwona uso?"

Macho ya binti yalikwenda kwa shangazi yake, yakarudi kwenye dari. "Nafunikwa."

"Nani anakufunika?"

"Basi," alisema Bi Mgeni. "Mtoto anaweweseka, nawe unamwandika."

Mwanamkasi alitoka na maneno matano daftarini: viganja, miguu, udongo, mchana, nafunikwa.

*

Saa nne walimwita kwenye nyumba nyingine, huko nyuma ya soko la samaki. Ilikuwa nyumba ya udongo, ya vyumba viwili, iliyoezekwa makuti, na aliyekuwa akikaa humo ni Kitwana, msemaji wa sinema. Gari la sinema lilipokuja Jumamosi iliyopita, picha ilizungumza Kiingereza, na Kitwana alisimama kando ya kitambaa na tarumbeta la bati mdomoni akiwaeleza watu kwa Kiswahili. Ilikuwa picha ya bwana mmoja wa Ulaya, mweupe kama sanda, mwenye joho jeusi, anayelala sandukuni na kuamka kunyonya damu za mabinti. Kitwana alikuwa na sauti nzito inayotoka tumboni. Alipomsemea bwana yule, "Njoo, binti, usiogope," wanawake walikimbia na viatu wakaacha. Kesho yake homa ikamwangusha, wenzake wakamwacha wakisema watampitia wakirudi. Sasa watu wote wa Bagamoyo waliijua sauti ya mumiani, na mwenye sauti alikuwa amepanga nyuma ya soko.

Sajini Mwishehe alikuwa amemleta Bi Mgeni amtambue mtu huyo. Mwanamke wa heshima yake haendi kituoni, ndiyo maana utambuzi ukafanywa pale, Bi Mgeni chumba cha ndani nyuma ya kanga iliyotundikwa, Kitwana chumba cha mbele. Kilichokosewa ni kimoja: Bi Mgeni alipotoka kwao, mtaa mzima ulimfuata.

Mwanamkasi alipoingia mlango, Sajini aliufunga nyuma yake na kutia komeo.

"Umeingia, dada. Kutoka sasa ni majaaliwa."

"Wako wangapi?"

"Mbele nimehesabu mpaka sitini nikaacha. Nyuma wapo wengine, wamekaa juu ya ukuta kama kunguru. Askari wangu wawili wamesukumwa mpaka sokoni. Nimepiga simu tangu jana waniletee watu; lori limekwama kwenye tope Mapinga." Alijifuta jasho shingoni. Alikuwa mnene, amebakiza miezi saba astaafu. "Kuna mmoja ana debe la mafuta ya taa. Amelikalia. Anasema anapumzika."

Nje sauti ya kijana ilipaa juu ya zote. "Kitwana! Jua limewaka, toka basi! Au mpaka ufunguliwe sanduku?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya.

"Huyo ni Kibwana," Sajini alisema. "Kaka yake Tabia. Amewaambia wangoje swala ya Ijumaa iishe. Hataki kumwaga damu kabla ya swala, kijana mcha Mungu."

Mwanamkasi alitazama juu. Makuti. Akatazama dirisha, nondo nne za mti na ubao wa kufunikia. Kisha akamtazama Kitwana, aliyekaa kwenye kigoda amejifunga shuka, meno yanagongana kwa homa.

"Sanduku liko wapi?"

"Hilo," Kitwana alisema. "Ingia ujipime. Mimi hata miguu hainyooki."

Lilikuwa refu kweli, la mbao nyeusi. Alilipekua kama alivyofundishwa, kutoka juu kwenda chini, kila kitu akikitoa na kukiweka kulia. Tarumbeta la bati. Kamba. Nguo mbili. Kitambaa cheupe cha sinema cha akiba, kilichokunjwa. Alipokikunjua, Sajini alitoa mguno: ukingoni palikuwa na doa jekundu, kubwa kama sahani.

Nyuma ya kanga Bi Mgeni alisema, "Mmeona?"

Kitwana alifumba macho. "Wakiliona hilo nimekwisha."

Mwanamkasi alilipeleka doa kwenye mwanga wa ufa wa dirisha. Akalikwaruza kwa ukucha. Akalinusa.

"Lina muda gani hapa?"

"Tangu Jumamosi. Nilimwaga rangi nikiandika kibao cha tangazo."

"Sajini, damu ya siku sita huwa ya kahawia. Iwe imetoka kwa nani, iwe imeangukia nini. Hilo kila mwanamke anajua, hakufundishwa na mtu. Hii bado nyekundu, na inanuka mafuta."

Sajini alikohoa, akatazama pembeni. "Hiyo mimi nisingeijua."

"Ndiyo maana mmeniajiri."

Alikaa chini, akafungua daftari. Adhana ya Ijumaa ilikuwa bado kama saa mbili na nusu. Alijua kuwa yule binti kule hakuwa na siku nyingi za kungojea wao wapatane. Kiganja kile alishakiona mara moja tu maishani, kwa mwanamke aliyezaa akavuja, na yule hakufika magharibi. Kitwana akichomwa moto hapa, nje watashangilia, watakwenda kulala, na anayemmaliza Tabia damu ataendelea.

"Bi Mgeni. Ulisema umemwona huyu bwana. Ulimwona lini?"

"Jana. Alasiri. Dirishani kwa mtoto."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Joho jeusi."

"Akafanya nini?"

"Akainama. Nilipopiga kelele akatoweka."

Kitwana aliinua kichwa. "Jana alasiri? Mama yangu, jana alasiri mimi sikuweza kuinama kuchukua kata ya maji."

"Ulikuwa wapi?" aliuliza Mwanamkasi.

"Hospitali. Nilichomwa sindano ya kwinini, nikaanguka pale pale mlangoni, wakanilaza."

"Maneno hayo. Kadi?"

Alipapasa chini ya mto, akatoa kadi iliyokunjwa mara nne. Mwanamkasi alisoma kwa kidole, neno kwa neno: Alhamisi, ameingia saa nane na nusu, ametolewa saa kumi na mbili jioni. Muhuri. Akampa Sajini, naye akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akaitikia kwa kichwa.

"Muhuri wao. Na huyo mganga mwandiko wake naujua, mbaya kuliko wangu."

Nyuma ya kanga ilisikika ile sauti ndogo ya kutafuna.

"Labda si jana," alisema Bi Mgeni. "Labda juzi. Mtu akiwa na huzuni hahesabu siku."

"Labda," alisema Mwanamkasi. Hakuandika. Akamgeukia Kitwana. "Huyo bwana wa sinema yako, anatembea saa ngapi?"

"Usiku tu. Mchana yumo sandukuni, amekufa kabisa. Kwenye sinema yote hajaonekana mchana hata mara moja."

"Tabia ananiambia anayekuja huja mchana. Akishaoga."

"Basi huyo hakutoka kwenye sinema yangu."

Jiwe liligonga ubao wa dirisha, vumbi likaanguka. Nje mtu alipaza sauti, "Mnapika nini humo? Tuleteeni maini!" Kicheko tena. Sajini alisogeza meza akaiegemeza mlangoni, akaikalia, kama vile uzito wake ulikuwa sehemu ya sheria.

"Kisa chenyewe umekitoa wapi?" Mwanamkasi aliuliza. Aliuliza kwa kuwa Tabia, msichana wa ndani, hakwenda uwanjani. Alichokijua alikisikia kwa waliokwenda.

"Ni kitabu cha Wazungu, cha zamani. Mwalimu wangu kule Tanga aliniazima, nikakisoma miezi miwili na kamusi. Lakini kitabu na sinema haviendi pamoja. Sinema ni saa moja na robo, mengi wameyakata, na mengine niliyakata mimi."

"Kama yapi?"

Kitwana alivuta shuka. "Kitabuni yupo binti anayeisha damu, kila siku mweupe zaidi. Daktari amegundua, anamwekea kinga shingoni, anafunga madirisha, anaonya watu wasiguse. Halafu anaingia mama yake. Anaona mtoto wake anakosa hewa. Anaiondoa kinga, anafungua dirisha, anambusu, anakwenda kulala moyo umetulia. Hakuwa na ubaya hata chembe. Alimpenda. Kwenye sinema mama huyo hayumo. Nani anaketi kwenye nyasi zenye umande kumtazama mama? Wanamtaka bwana wa joho. Nami nikawapa bwana wa joho."

Mwanamkasi alilitazama daftari. Viganja, miguu, udongo. Hayo matatu aliyajua hata bila daktari: safura, minyoo inayoingia kwa nyayo, na mtoto hutafuna udongo kwa kuwa damu inapungua. Hakukuwa na mumiani katika hayo. Lakini safura haichanji shingo. Mchana. Nikishaoga. Nafunikwa.

Nani humfunika mwali akishaoga? Mwali haingiliwi chumbani na mtu. Haogeshwi na jirani. Anaogeshwa na kufunikwa na mmoja tu.

Akainuka, akapita kwenye kanga iliyotundikwa.

Bi Mgeni alikuwa amekaa juu ya mkeka na kikapu chake mapajani, amekikumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa ametafuna tangu asubuhi, wala midomo yake haikuwa na wekundu. Tambuu haiwezi kutafunwa saa tatu bila kutema na bila kuacha rangi.

"Samahani, mama. Fungua mdomo."

"Unasemaje?"

"Hii ndiyo kazi yangu. Kupekua. Sajini yuko upande wa pili, hataona."

Walitazamana. Bi Mgeni alitoa kwa vidole viwili, bila kuambiwa tena, kidonge cha nta ya nyuki, laini, chenye alama za meno. Mwanamkasi akakipokea. Kisha akachukua kikapu, na mikono ile mirefu ikamwachia. Chini ya kanga ya pili palikuwa na kitambaa; ndani ya kitambaa, wembe na pembe sita ndogo za mbuzi, ncha zimetobolewa.

Pembe za kuumikia. Mama wa Mwanamkasi aliumikwa kwa pembe kama hizo, kwa maumivu ya mgongo: mtu anachanjwa kwa wembe, mwumishi anabandika pembe, anavuta hewa kwa mdomo, anaziba tundu kwa nta aliyoishika shavuni, na damu mbaya inajaa ndani ya pembe. Mara moja kwa mwaka. Kwa mtu mzima aliyeshiba.

"Mara ngapi?" alisema kwa sauti ya chini.

Bi Mgeni alitazama ukuta. "Mimi si mchawi."

"Sikusema mchawi. Nimeuliza mara ngapi."

"Alikuwa anavimba. Harusi wiki tatu, wakwe wa Pangani wanakuja kumtazama, na mtoto anavimba miguu, uso. Mama yangu alikuwa akisema uvimbe ni damu iliyoharibika. Nikaitoa. Akawa bora siku mbili, akavimba tena. Nikaitoa tena." Sauti yake haikupanda. "Nilianza mgongoni. Mgongo ulipojaa nikapanda shingoni. Mjakazi akaziona zile mbili za shingoni Jumapili, baada ya sinema. Akapiga yowe, mumiani. Kabla sijafungua kinywa lilikuwa limeshafika sokoni."

"Nawe ukasema umemwona."

"Niseme nini? Kwamba mwali wetu mgonjwa? Kwamba ni mimi? Wale wa Pangani wangegeuza njiani. Mumiani ni msiba. Hakuna anayemlaumu mtu kwa mumiani."

"Mpaka mtu atiwe moto."

"Nilidhani watamfukuza tu. Ataondoka na gari lake."

Mwanamkasi aliziinua pembe kwenye mwanga. Mbili zilikuwa kavu. Nne zilikuwa na unyevu ndani, na unyevu huo haukuwa wa kahawia.

Akazirudisha kwenye kitambaa.

"Leo?"

"Ulipoondoka. Miguu ilikuwa imejaa, ulibonyeza mwenyewe ukaona." Kwa mara ya kwanza Bi Mgeni alimtazama machoni. "Nikaweka zote sita. Hazijakauka vizuri nikaitwa. Nikafutafuta, nikazitia kikapuni mjakazi asizione."

"Nani yuko naye sasa?"

"Hakuna. Mjakazi yuko huko nje na wenzake. Nimemfungia asije mtu akaona shuka." Mkono wake ulikwenda kiunoni, kwenye fundo la kanga, ukabaki hapo. "Ufunguo ninao." Akalifungua fundo, akampa.

*

Sajini Mwishehe alisikiliza yote akiwa amekaa juu ya meza.

"Siwezi kufungua," alisema. "Nikitoa komeo hilo wanaingia wote kwa pamoja. Huyu anakufa hapa, sisi tunakanyagwa, na ufunguo unapotea matopeni."

"Na tusipofungua, Tabia anakufa kule."

"Najua, dada. Najua. Usinipigie hesabu ninayoiona."

Mwanamkasi alikwenda dirishani, akasukuma ubao upenyo wa kiganja.

"Kibwana!"

Kelele zikapungua. Kijana mmoja mwembamba, kanzu nyeupe ya Ijumaa imeshachafuka tope, alisogea. Mkononi alikuwa na jiwe.

"Mtoe, Bi Mwanamkasi, nasi hatuna neno na wewe."

"Dada yako yuko peke yake, amefungiwa, anatokwa damu sasa hivi. Ufunguo huu hapa. Chukua ukimbie."

Kibwana alimtazama, akautazama ufunguo, akatabasamu kwa uchungu.

"Ili niondoke mlangoni? Niende nyumbani nikute shangazi amefunga kama kawaida, nikirudi huyu ameshapanda lori? Nenda ukadanganye watoto."

"Wallahi, Kibwana."

"Ulikuja kwetu asubuhi ukaondoka hujasema kitu. Sasa ndiyo unajua?"

"Amelogwa huyo!" mtu alipaza nyuma yake. "Ameshasemeshwa na ile sauti!" Na yule mwenye debe akainuka, akalichukua kwa mpini.

Mwanamkasi alirudi nyuma. Alikuwa na ukweli wote mkononi, kitu cha chuma chenye meno matatu, na hakuna wa kuupokea. Nyumba ile ilikuwa kama chungu kilichofunikwa. Akapita kwenye kanga, akapiga magoti mbele ya Bi Mgeni, akamrudishia ufunguo.

"Mimi hawaniamini. Sajini hawamwamini. Watakuamini wewe."

"Mimi sijawahi..." Bi Mgeni hakumaliza. Hakuhitaji. Tangu avunje ungo mpaka asubuhi ile, sauti yake haikuvuka ukuta wa nyumba yao. Hata muuza maji alijibiwa kwa kugonga kijiko juu ya sahani. Nje kulikuwa na wanaume sitini na zaidi, wavuvi, wachukuzi, watu wa soko.

"Najua, mama."

"Wakishanisikia, nitakuwa nani?"

"Utakuwa uliyemfungulia Tabia mlango."

Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imeanza kuingia kupitia ufa wa mlango. Kitwana alikuwa amesimama sasa, ameshika ukuta, akisoma dua kwa ile sauti yake nzito.

Bi Mgeni akainuka. Alijifunika uso kwa buibui, yakabaki macho. Alitembea mpaka dirishani, akapita mbele ya Sajini, naye Sajini akageuza uso ukutani kwa adabu. Aliusukuma ubao wote, ukafunguka.

"Kibwana."

Haikuwa sauti kubwa. Lakini haikujulikana na mtu, na kwa hiyo wote wakanyamaza wajue ya nani.

"Ni mimi, shangazi yako. Mtu huyu hajamgusa Tabia. Ni mimi. Nimemuumika, mara nne, na leo ya tano. Nimemfungia chumbani. Chukua ufunguo."

Kibwana jiwe lilimtoka mkononi lenyewe, likaanguka topeni bila sauti.

"Shangazi..."

"Usiniite. Kimbia."

Aliurusha ufunguo kati ya nondo. Uliruka, ukadondoka kwenye tope, na watu sitini wakainama kwa pamoja kuutafuta. Aliyeuokota alikuwa yule mwenye debe. Akampa Kibwana, na Kibwana akashika kanzu yake kwa mkono mmoja akakimbia, na nusu ya watu nyuma yake.

Nusu nyingine walibaki wamesimama, hawajui wafanye nini na mikono yao. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kama watu waliokuwa wakipita tu.

*

Walimleta hospitali juu ya kitanda chake cha kamba, watu wanne wamebeba, Kibwana akiwa ameshika kichwa. Shuka lilikuwa limeganda mgongoni. Alikuwa hai. Daktari alimwinua ukope, akasema jambo moja tu, na mganga msaidizi akawafasiria watu waliojaa barazani:

"Anataka damu. Ya ndugu. Sasa hivi."

Baraza lote likarudi nyuma hatua moja. Mwanamkasi aliiona hatua ile. Ilikuwa kama maji yanavyoondoka ufukweni. Kuna aliyesema, "Si mnaona? Si tulisema?" Na hakuna aliyecheka.

Kibwana alikuwa anatetemeka kuliko Kitwana na homa yake. Alitazama sindano, akaitazama chupa. Kisha akakaa kwenye benchi, akakunja mkono wa kanzu mpaka begani, akafumba macho.

"Chukueni," alisema. "Lakini msinionyeshe."

Siku ya tatu Tabia alifumbua macho akaomba udongo. Wakampa uji.

Barua ya watu wa Pangani ilikuja baada ya wiki, ya heshima sana, ya kughairi. Bi Mgeni alikuja kituoni kwa miguu yake, mchana kweupe, akatoa maelezo mbele ya Sajini bila pazia, na Mwanamkasi akayaandika yote. Yalipokwisha, ukurasa ulikuwa na nafasi chini. Hakuijaza maelezo mengine ya kesi. Aliandika pale mambo ambayo kila mwenye binti angesomewa, akayanakili mara kumi na mbili kwa mkono wake, na alfajiri ya Jumamosi akazunguka nayo kwenye nyumba zenye mapazia, moja baada ya moja, akiyasoma kwa sauti:

Usimuumike msichana mwenye viganja vyeupe. Hana damu ya kutoa.

Usimwache atembee miguu mitupu uani wakati wa masika.

Ukimkuta anatafuna udongo, usimpige wala usimfanye kichekesho cha watu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Usifiche ugonjwa kwa ajili ya harusi.

Usiseme "nimemwona" kama hukumwona.

Usimsingizie mgeni kwa sababu ya sauti yake, sanduku lake au kazi yake.

Usimfungie mtoto ukaondoka na ufunguo, hata kwa nusu saa.

Usiogope damu inayotolewa kwa ajili ya mtu wako.

Usingoje mwali alalamike. Tumemfundisha wenyewe kunyamaza.